Moyale: Lami imefika, sasa mji utauza nini?

MFANYABIASHARA anayetaka kujua umbali unagharimu kiasi gani hana haja ya kusoma vitabu vya uchumi. Na aende Moyale. Mji huo mdogo ulio kaskazini kabisa mwa Kenya, mpakani na Ethiopia, uko takriban kilomita 780 kutoka Nairobi, na umbali unaokaribiana na huo kutoka Addis Ababa. Kwa miaka mingi uliishi kwa sababu ya ugumu wa kufikika. Kila aliyepita alilazimika kulala, kila mzigo ulilazimika kushushwa, na kila bidhaa ilipanda bei kabla haijafika dukani.

Siku hizi basi linaloondoka Nairobi jioni hufika Moyale siku ya pili asubuhi. Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na upande wa pili wa mpaka lami inaendelea kuelekea Yabelo, Hawassa na Addis Ababa. Kwa mwenye lori hii ni neema. Kwa mwenye duka, nyumba ya wageni au karakana ya Moyale, jambo hilo lina pande mbili. Mji uliopata riziki kwa kuwa magari yalikwama, utapata riziki gani sasa magari yanapopita?

KUTOKA ISIOLO

Msafiri huanza kuliona jibu njiani. Isiolo ndiko lami ilikokuwa ikiishia, na wenyeji wa huko walikuwa na mazoea ya kusema kwamba anayevuka kizuizi cha polisi kuelekea kaskazini anakwenda, na anayeelekea kusini anarudi Kenya. Mbele ya kizuizi kulikuwa na kilomita kama 500 za mawe, mchanga na matuta. Malori yalisafiri kwa msafara yakiwa na askari, kwa kuhofia majambazi. Abiria walikaa juu ya mzigo, na wakati wa kurudi walikaa juu ya vyuma vya lori huku ng'ombe wamesimama chini yao. Safari ilichukua siku mbili au tatu. Mvua ikinyesha, hakuna aliyethubutu kutaja siku ya kufika.

Ujenzi ulikwenda kwa vipande. Kwanza ilijengwa sehemu ya Isiolo hadi mto Merille, kilomita 136. Baadaye zikafuata Merille hadi Marsabit, Marsabit hadi Turbi, na mwisho Turbi hadi Moyale. Fedha zilitoka serikalini, China, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya. Kufikia mwaka 2017 kazi ilikuwa imekamilika, na kipande kilichokuwa kibovu kupita vyote katika barabara kuu ya kutoka Cairo hadi Cape Town kwa upande wa Kenya kikawa kimezibwa.

Nchi yenyewe haikubadilika. Baada ya Archer's Post na mto Ewaso Ng'iro, miti hupungua na kubaki migunga na vichaka vya miiba. Laisamis hupita kwa dakika chache. Halafu mlima wa Marsabit hujitokeza na msitu wake na ukungu wake, na msafiri hudhani jangwa limekwisha. Sivyo. Ukiteremka upande wa kaskazini unaingia Dida Galgalu, jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa uwanda wa giza. Ni mawe meusi ya volkeno yaliyotapakaa hadi upeo wa macho. Upande wa magharibi kuna Chalbi, jangwa lililokuwa sakafu ya ziwa la kale, ambalo sehemu zake huwa nyeupe kwa chumvi. Kati ya Bubisa na Turbi mtu anaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona duka wala kisima, ila ngamia na mtoto anayewachunga.

Baada ya Turbi vilima huanza, ardhi hupanda, udongo huwa mwekundu, na Moyale huonekana kileleni. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku huwa na ubaridi ambao mgeni aliyechomwa na jua la Dida Galgalu hakuutarajia.

MJI MMOJA, NCHI MBILI

Jina ni moja lakini miji ni miwili. Kuna Moyale ya Kenya na Moyale ya Ethiopia, na katikati kuna bonde dogo, kizuizi na bendera mbili. Mgeni anayevuka kwa mara ya kwanza huona mambo matatu yakibadilika papo hapo.

La kwanza ni upande wa barabara. Kenya magari hupita kushoto, Ethiopia hupita kulia, na dereva hana budi kuhama mkono pale pale mpakani. La pili ni kalenda. Mwaka wa Ethiopia una miezi 13 na uko nyuma kwa miaka saba au minane kulingana na mwezi, jambo ambalo karani wa forodha hulikumbuka kila anapokagua tarehe za vyeti. La tatu ni chakula. Upande wa kaskazini ni injera ya unga wa tefi na kahawa inayochemshwa kwa awamu tatu, na hakuna anayeharakishwa kuimaliza.

Lipo pia jambo moja lisilobadilika, nalo humfurahisha sana msemaji wa Kiswahili. Ethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko, sawasawa na Waswahili. Mnunuzi wa Mombasa na muuzaji wa Addis Ababa wakiahidiana kukutana saa tatu asubuhi, wote wawili wana maana ile ile. Anayehitaji kuuliza mara mbili ni mgeni aliyezoea saa za Kizungu.

Lugha sokoni ni mchanganyiko. Kiborana ndicho kinachosikika zaidi, na pamoja nacho Kigabra, Kigarri, Kiburji, Kisomali, Kiamhari na Kiswahili. Dalali hodari hujua nne au tano kati ya hizo, na huhama kutoka moja hadi nyingine katika biashara hiyo hiyo moja. Husalimu kwa Kiborana kwa neno nagaa, yaani amani. Hutaja bei kwa Kiswahili kwa mnunuzi wa kutoka kusini, kisha humgeukia mwenye mnyama na kumweleza kwa lugha ya nyumbani kwake.

Mpaka wenyewe uliwekwa na wakubwa wa mbali. Mwaka 1907 Uingereza na Ethiopia zilikubaliana juu ya mstari, lakini makubaliano hayo yaliacha nafasi ya wafugaji wa pande zote kuendelea kutumia malisho ya upande wa pili. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, Waitalia waliiteka Moyale ya upande wa Kenya, na mwaka uliofuata wakaondolewa. Mwaka 1970 Kenya na Ethiopia zilitia saini mkataba wao wenyewe wa mpaka. Katika muda wote huo ng'ombe hawakusoma ramani. Walifuata nyasi na maji, na biashara iliwafuata.

NG'OMBE KUSINI, NGAMIA KASKAZINI

Anayetaka kuuelewa uchumi wa Moyale aanzie kwenye soko la mifugo. Hapo kuna mikondo miwili inayopishana.

Ng'ombe huelekea kusini. Wengi hutoka nyanda za Borana upande wa Ethiopia, wanavuka, wanapata vibali vya afisa mifugo, wanapakiwa, na safari yao huishia katika masoko na machinjio ya Nairobi. Mbuzi nao huelekea huko huko, na mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, unajulikana kwa biashara hiyo. Mji mkubwa hula nyama kila siku, na mfugaji wa Borana anajua hivyo.

Ngamia huelekea kaskazini. Mlaji wa Nairobi hana mazoea makubwa na nyama yake, ila katika mitaa kama Eastleigh. Wanunuzi wakubwa wako mbali zaidi. Ngamia wa kaskazini mwa Kenya huvuka Moyale, hupelekwa Adama, na kutoka huko baadhi husafirishwa hadi masoko ya nchi za Kiarabu. Kwa hiyo bei ya ngamia aliyefungwa chini ya mgunga karibu na Turbi husikiliza habari za bandari na za sikukuu kubwa za Kiislamu ng'ambo ya Bahari ya Sham, ilhali bei ya ng'ombe aliye karibu naye husikiliza habari za wachinjaji wa Nairobi.

Lami ilibadilisha hesabu ya mikondo yote miwili. Lori la zamani lilikuwa likibeba ng'ombe wapatao ishirini kwa siku kadhaa. Mnyama alisimama kwenye joto bila malisho, alikonda njiani, na mara nyingine alianguka akakanyagwa na wenzake. Aliyepakiwa akiwa mnene alishushwa akiwa mifupa, na hasara ilikuwa ya mwenye mali. Sasa mnyama anayepakiwa jioni anaweza kuwa sokoni siku inayofuata akiwa bado na nyama yake mwilini. Faida ya barabara hupimwa kwa kilo za nyama zisizopotea njiani, mbali na mafuta ya gari yanayookolewa.

Lori halirudi tupu. Likishusha ng'ombe hupakia sabuni, mafuta ya kula, sukari, vyombo vya plastiki, mabati, saruji na mitumba. Sehemu ya bidhaa hizo hubaki Moyale na nyingine huvuka. Kutoka upande wa Ethiopia huja maharage, nafaka, vitunguu na kahawa. Kwa hiyo bei ya sukari ya Moyale haijitegemei. Soko la ng'ombe likilala, malori hupungua, na nauli ya mzigo wa kupanda kaskazini huongezeka kwa kuwa hakuna wa kulipia safari ya kurudi. Mwenye duka asiyekuwa na hata mbuzi mmoja huuliza kila asubuhi habari za mnada.

MALI KAULI

Fedha taslimu ni chache kuliko mifugo. Kwa sababu hiyo biashara kubwa ya Moyale imejengwa juu ya mali kauli. Mfugaji au mkusanyaji wa kijijini humkabidhi mfanyabiashara ng'ombe wake kwa ahadi ya kulipwa baada ya kuuza Nairobi. Mfanyabiashara naye humuuzia mchinjaji kwa ahadi, na mchinjaji hulipa baada ya kuuza nyama. Mkondo mzima umefungwa kwa neno la mtu.

Yule anayeshikilia mkondo huo ni dalali. Watu wengi wa kusini humwona kuwa mlanguzi, mtu wa katikati anayeongeza bei bila kuongeza kitu. Msafiri anayekaa sokoni nusu siku huondoka na maoni mengine. Dalali ndiye anayejua kama mnyama ni wa kuibwa au la. Anamjua baba wa muuzaji na shangazi wa mnunuzi. Mnyama akidaiwa na mwenyewe baada ya wiki mbili, dalali ndiye anayetafutwa, na heshima ya jina lake ndiyo bima pekee iliyopo. Ujira anaolipwa ni bei ya dhamana hiyo.

Mali kauli ina hatari zake. Mchinjaji wa mjini akikataa kulipa, hasara humrudia mtu aliye kilomita 800 kutoka mahakama ya Nairobi, asiye na hati yoyote mkononi. Wapo waliofilisika kwa njia hiyo. Simu ya mkononi imepunguza hatari kwa kiasi. Tangu M-PESA ianze Kenya mwaka 2007, malipo ya mnyama yanaweza kufika kabla lori halijazima injini, na mfanyabiashara halazimiki tena kubeba mabunda ya noti katika barabara yenye wavamizi. Kwa upande wa Ethiopia, Safaricom ilianza huduma zake mwaka 2022, na M-PESA ikafuata Agosti 2023. Wafanyabiashara wa mpakani wanaofahamu kazi ya huduma hiyo ni wengi, na walichokitaka ni kuona fedha zikivuka mpaka kwa urahisi ule ule zinavyokwenda kutoka Moyale hadi Nairobi.

SHILINGI NA BIRR

Karibu na mpaka wapo wabadilishaji fedha wa mtaani. Hawana ofisi. Wana mfuko, simu na kumbukumbu kali. Kiwango chao na kile cha benki vilikuwa vikitofautiana sana, kwa sababu serikali ya Ethiopia ilikuwa ikipanga thamani ya birr na kubana fedha za kigeni.

Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliiachia birr ijitafutie bei yake sokoni. Kabla ya siku hiyo dola moja ya Marekani ilikuwa kama birr 57 kwa kiwango cha benki. Katika muda wa wiki chache ilipita birr 100. Wakati huo huo shilingi ya Kenya, iliyokuwa imefika 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, ilikuwa imepata nguvu na kutulia karibu 129.

Kwa anayesoma takwimu mjini, bidhaa za Ethiopia zilionekana kushuka bei kwa nusu katika usiku mmoja. Sokoni Moyale mshtuko haukuweza kuwa mkubwa kiasi hicho. Soko la mtaani lilikuwa limeshaipunguzia birr thamani muda mrefu kabla serikali haijakiri, na muuza maharage alikuwa anatumia bei ya mtaani, si ya benki. Kilichobadilika ni nafasi iliyokuwa kati ya bei hizo mbili. Waliokuwa wakiishi kwa tofauti ile ndio walioguswa kwanza. Hili ni somo kwa wachunguzi wa masoko: mji wa mpakani huona thamani halisi ya fedha kabla ya makao makuu.

Mambo ya magendo nayo yana chanzo hicho hicho. Mafuta ya petroli yanapouzwa kwa bei ya ruzuku upande mmoja na kwa ushuru kamili upande wa pili, madumu hutembea usiku. Askari wanaweza kukamata pikipiki kumi, lakini tofauti ya bei haikamatiki. Hupungua tu pale serikali mbili zinapokaribiana katika kodi.

UMEME UPO, MAJI NI SHIDA

Moyale ya Kenya ilikuwa mbali mno na gridi ya taifa, na kwa miaka mingi imekuwa ikinunua umeme kutoka upande wa Ethiopia. Umeme ukikatika kwa jirani, giza huingia kwa wote wawili.

Mwaka 2022 njia kubwa ya umeme kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ilianza kazi kibiashara. Ina urefu wa kilomita 1,045 na nguvu ya kilovolti 500, na Kenya ilianza kwa kununua megawati 200 kwa senti 6.5 za Marekani kwa kila uniti. Minara yake hupita katika nchi ya kaskazini ikienda kusini, na wachungaji hulaza mifugo karibu nayo. Lakini umeme wa namna hiyo haumegwi njiani kwa ajili ya kijiji. Hupokelewa Suswa, kisha hugawanywa kwa viwanda na nyumba za mbali. Ni mfano mzuri wa yale ambayo mji unayahofia kuhusu barabara: utajiri kupita juu ya kichwa bila kutua.

Maji ndiyo shida ya kudumu. Punda wenye madumu huanza kazi alfajiri, na nyumba ya wageni hupanga bei ya chumba kwa kuangalia bei ya maji ya wiki hiyo. Asiyekuwa na tangi hawezi kufungua hoteli wala machinjio. Mipango ya kuchinja mifugo huko huko kaskazini na kupeleka nyama badala ya mnyama mzima huzungumzwa mara kwa mara. Ni wazo jema, kwa sababu ng'ombe anayeondoka mzima huondoka na ngozi, pembe, utumbo na kazi za vijana. Lakini machinjio huhitaji maji mengi na umeme usiokatika, na mahitaji hayo mawili ndiyo yanayoamua kama wazo litatoka kwenye karatasi.

KITUO CHA PAMOJA

Serikali mbili zilijenga kituo cha pamoja cha forodha mpakani, ambacho Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Waziri Mkuu Abiy Ahmed wa Ethiopia walikifungua rasmi Desemba 2020. Madhumuni ni msafiri na mzigo kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Kwa mwenye kontena, kituo hicho huokoa saa nyingi.

Lakini wengi wanaovuka Moyale hawana kontena. Ni mama mwenye magunia mawili ya maharage, kijana mwenye mkokoteni wa masufuria, mzee mwenye mbuzi watano. Karatasi zinazodaiwa kwa lori moja hazimfai mtu wa namna hiyo. Akiombwa cheti cha asili ya bidhaa, namba ya mlipa kodi na wakala wa forodha kwa mzigo unaobebwa na punda mmoja, huacha lango na kutafuta njia ya vichakani. Serikali hupoteza ushuru mdogo aliokuwa tayari kulipa, naye hupoteza ulinzi wa sheria na huwa windo la kila mwenye sare. Kenya na Ethiopia zilitia saini makubaliano maalumu ya uchumi mwaka 2012, na maneno yake yalikuwa mazuri. Mfanyabiashara mdogo anayapima kwa kipimo kimoja: anapofika langoni na magunia mawili, anachukua dakika ngapi?

AMANI NDIYO MTAJI

Hakuna biashara ya mali kauli penye damu. Kaunti ya Marsabit, ambamo Moyale imo, imeona mapigano mengi ya kikabila. Julai 2005 Turbi ilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wakiwamo watoto wa shule. Desemba 2013 mapigano katika Moyale yenyewe yaliwafanya watu wengi wakimbilie Ethiopia. Machi 2018 mambo yaligeuka: wanajeshi wa Ethiopia waliua raia wasiopungua tisa upande wao wa mji, na maelfu wakavuka kuingia Kenya. Upande huo wa Ethiopia wenyewe una utata, kwani majimbo mawili, Oromia na Somali, yote yanaudai.

Mapigano yakitokea, duka la kwanza kufungwa ni la yule aliyejenga jina lake kwa kuuza kwa kabila zote. Wateja hugawanyika, dalali hawezi tena kwenda zizi la upande wa pili, na mali kauli husimama kwa kuwa hakuna anayejua kama mdaiwa wake atakuwapo kesho. Barabara hubaki pale pale, nyeusi na laini, bila gari.

Ukame nao ni adui wa aina hiyo. Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5, hasa katika kaunti za kaskazini. Bei ya ng'ombe aliyekonda ilianguka wakati ule ule bei ya unga ilipopanda, na mfugaji akaumia mara mbili. Marsabit ndiko ilikoanzia, Januari 2010, bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake walibuni njia ya kupima ukijani wa malisho kutoka angani, na malisho yakipungua kupita kiwango, mwenye bima hulipwa bila mkaguzi kuhesabu mizoga. Ni ubunifu mkubwa, ingawa mfugaji wa kawaida bado huona ajabu kulipia kitu asichokiona na kulipwa kwa kipimo asichokishika.

HESABU YA MWISHO

Basi Moyale itauza nini? Kuuza umbali haiwezi tena. Nyumba za wageni zilizojaa madereva waliosubiri msafara, na mafundi walioishi kwa springi zilizovunjika, hawatarudishiwa soko lao. Kuuza bidhaa za Nairobi kwa bei ya kuzidisha nako kunazidi kuwa kugumu, kwa sababu mteja anaweza kupanda basi jioni na kununua mwenyewe kesho yake.

Kinachobaki ni kile ambacho barabara haikukishusha bei: mtu anayejua pande mbili. Mfanyabiashara wa Addis Ababa anayetaka ng'ombe wake wafike Nairobi na fedha zake zirudi, au wa Nairobi anayetaka maharage ya kusini mwa Ethiopia, atahitaji mtu anayezungumza lugha zote za njiani, anayefahamu kalenda zote mbili, na ambaye jina lake linakubaliwa zizini na dukani. Mtu huyo hapatikani Isiolo wala Hawassa. Yuko Moyale.

Kwa hiyo anayetaka kuingia katika biashara hiyo asikimbilie kununua lori. Malori yapo ya kutosha. Atafute kwanza dalali mwenye sifa, aanze na wanyama wachache, alipe kwa wakati hata pale asipodaiwa, na akae mjini siku kadhaa anywe kahawa zote tatu. Wenye mamlaka nao wakumbuke kwamba lango la mama mwenye magunia mawili lina thamani sawa na lango la kontena. Lami imegharimu mabilioni na imejengwa. Uaminifu kati ya watu wa Moyale haukugharimu serikali yoyote shilingi wala birr, na mapigano ya wiki moja yanatosha kuufuta.